Je, Wajua? Walioshuka Milima Kuingia Weu

Sinema za Marekani zimetuzoesha picha moja tu ya watu wanaohamia nchi mpya: magari ya kukokotwa, kofia pana, bastola kiunoni, na vumbi linaloelekea machweo. Mwaka 1893, mjini Chicago, mwanahistoria Frederick Jackson Turner alisimama mbele ya wenzake akadai kwamba mpaka ule uliokuwa ukisogea kila mwaka kuelekea magharibi ndio uliowafinyanga Wamarekani wakawa walivyo. Miaka mitatu nyuma, sensa ya 1890 ilikuwa imesema mstari wa mpaka hauonekani tena kwenye ramani, nchi imejaa. Wenyeji waliopokonywa ardhi hiyo Turner aliwapitia juu juu, na tangu hapo wasomi wenzake hawajachoka kumsuta kwa hilo.

Baadaye, mwaka 1987, Igor Kopytoff alitoa kitabu kilichosema kwamba Afrika nayo ilijengwa na mipaka ya namna hiyo, ila ilikuwa midogo, mingi, na ya ndani kwa ndani: watu waliondoka kwenye makazi ya zamani wakaenda kuanzisha mapya katika pori lililobaki kati ya jamii na jamii. Anayetaka kuiona hoja hiyo kwa macho yake apande basi la Mombasa, ateremke Makindu, kisha ashike barabara ya Wote. Makueni, pamoja na Kitui iliyo ng'ambo ya mto Athi, ni nchi iliyokaliwa kipande kwa kipande na Wakamba waliohama kwa miguu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanyika ndani ya kumbukumbu za watu walio hai.

Je, wajua kwamba kwa Mkamba, kwenda mpakani kulikuwa ni kushuka? Masimulizi ya wazee huwataja mababu waliotoka upande wa Kilimanjaro, wakapita karibu na vilima vya Chyulu, wakaliacha nyuma jabali la Nzaui, ambako inasemekana Mungu aliwashusha watu wa kwanza na nyayo zao zingali juu ya mwamba. Walipofika Mbooni wakapanda mlimani wakatulia. Wanahistoria wengi huweka tukio hilo kwenye karne ya 17. Mlima ulikuwa na kila kitu ambacho tambarare haikuwa nacho. Mvua ilinyesha, chemchemi hazikukauka, mbung'o hawakupanda huko juu, na Mmaasai aliyekuja kutwaa ng'ombe alionekana tangu mbali. Mbooni ilipojaa, watu walisambaa hadi Kilungu na Iveti, na katika karne ya 18 wengine walivuka Athi wakaanza kuijaza Kitui.

Tambarare iliyobaki chini, yenye miiba, faru na jua, iliitwa weu. Kijana alishuka huko kuwinda, kutundika mizinga ya nyuki na kuchunga, kisha akarudi nyumbani mlimani. Kwa vizazi kadhaa hakuna aliyefikiria kulala huko na mkewe.

Je, wajua jinsi pori lilivyogeuka kuwa shamba bila karani wala hati? Sheria ya Marekani ya mwaka 1862 ilimpa raia ekari 160 karibu bure, mradi ajenge nyumba, alime, na akae miaka 5. Sheria ya Wakamba haikuandikwa popote, lakini ilikuwa na akili ileile. Weu ulikuwa wa wote. Aliyevunja pori akalima, mahali pale palikuwa ng'undu yake. Aliirithisha wanawe, na hata kuiuza aliweza. Aliyejitengea malisho karibu na boma lake aliita sehemu hiyo kisesi, ingawa jambo hili lilishika zaidi upande wa Machakos kuliko Kitui, ambako ardhi ilikuwa tele na hapakuwa na haja ya kugombania nyasi. Ushahidi mahakamani, yaani mbele ya wazee, ulikuwa mti uliochanjwa alama, kijito, jiwe, na jirani mwenye kumbukumbu nzuri.

Hatua ya kwanza ya kuingia weu ilikuwa kyengo, kambi ya ng'ombe. Mifugo ilipozidi mlimani, vijana walipelekwa nayo mbali, wakajenga zizi la miiba, wakaishi kwa maziwa na nyama ya porini. Kambi ikidumu, mke alifuata na mbegu za mtama, mawele na mbaazi. Mke akifuata, jirani naye alifuata. Baada ya miaka michache kyengo ilikuwa utui, kijiji chenye wazee wake na kesi zake. Vitabu vya zamani humsifu mwindaji mwenye upinde na mshale wa sumu. Mimi naona kwamba mpaka ulisogezwa na yule mama mwenye jembe, kwa sababu mwindaji hurudi kwao mzoga ukishaliwa, bali aliyepanda hungoja kuvuna.

Je, wajua kwamba pembe za ndovu za Kitui zilimleta mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya na kuandika habari zake? Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Wakamba ndio waliokuwa mabingwa wa misafara kati ya bara na Mombasa. Tajiri mmoja wa Kitui, Kivoi wa Mwendwa, alikuwa na wapagazi na watumwa wengi, na jina lake lilijulikana hadi pwani. Mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyekaa Rabai, alimtembelea mwaka 1849. Tarehe 3 Desemba mwaka huo, huko Kitui kwa Kivoi, mawingu yalifunguka Krapf akauona mlima wenye theluji. Jina aliloandika ndilo alilolisikia kwa wenyeji wake Wakamba, na ndilo lililokuja kuwa jina la nchi nzima. Ulaya wataalamu walimcheka. Theluji kwenye ikweta? Mwenzake Johannes Rebmann alikuwa amechekwa vilevile baada ya kuona Kilimanjaro mwaka 1848.

Safari ya pili, mwaka 1851, haikuisha vizuri. Kivoi alimchukua Krapf kuelekea mto Tana. Njiani walivamiwa na majambazi, Kivoi akauawa, msafara ukatawanyika, na Krapf akabaki peke yake nyikani bila chakula wala maji. Alijikokota hadi mtoni usiku. Hakuwa na kibuyu. Basi akajaza maji kwenye mfuko wa ngozi wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki, akaziba kwa nyasi, akaanza kurudi. Maji ya bunduki si ya kusifia, lakini yalimwokoa. Alipofika kwa jamaa za Kivoi hawakumpokea kwa pole: walimlaumu kwa nini yeye yu hai na mkubwa wao amekufa. Alitoroka usiku akajitafutia njia ya kurudi Rabai.

Wengine walishuka hadi pwani kwenyewe. Njaa ya mwaka 1836 ilisukuma familia nyingi za Wakamba hadi karibu na Mombasa, wakakaa sehemu za Rabai na Jomvu, na miaka zaidi ya mia moja baadaye, katika miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliwapeleka wengine Shimba Hills, Kwale, kulima huko. Ukisikia Kikamba kikizungumzwa Mariakani au Kwale usidhani ni cha wafanyabiashara wa juzi.

Je, wajua kwamba Wakamba walizipa njaa majina badala ya kuzihesabu kwa miaka? Ile iliyoua wengi kuliko zote mwishoni mwa karne ya 19 iliitwa Ngomanisye, iliyofika kila mahali. Ile ya mwaka 1950 iliitwa ya Makonge, kwa sababu watu walikata na kuuza makonge ili wapate posho. Nyingine ya baadaye iliitwa Nikw'a Ngwete, nakufa nikiwa nimeshika, maana pesa zilikuwepo mfukoni lakini dukani hapakuwa na mahindi. Kila moja kati ya hizi ilihamisha watu. Wengine walikwenda kutafuta mahali palipobaki na mvua. Wengine, wakirudi, hawakurudi mahali palepale.

Ngomanisye ilikuja wakati mbaya kuliko wote. Mwaka 1890 na 1891 sotoka ilikuwa imefyeka ng'ombe, ndui ikafuata, Wamaasai wakadhoofika, na tambarare zilizokuwa hatari kwa Wakamba zikaanza kufunguka. Ungetarajia watu washuke kwa wingi. Badala yake mvua zikakosekana, na kutoka Mombasa ikaja reli, iliyoanza kujengwa 1896. Wamishonari Waskoti waliokuwa wamejenga kituo Kibwezi mwaka 1891 walichoshwa na malaria wakahamia Thogoto 1898. Mwaka huohuo Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar alikuja kutembelea reli, na pale alipofikia pakabaki na jina lake: Sultan Hamud. Treni ilifika Nairobi mwisho wa Mei 1899.

Makindu, mafundi na wafanyakazi wa reli waliotoka India waliacha kitu kingine. Hekalu la Masingasinga, lililojengwa 1926, mpaka leo humpa msafiri yeyote chai na chakula bila malipo, na dereva wa lori la kwenda Kampala anakijua kituo hicho kama anavyokijua kituo cha mafuta.

Je, wajua nani aliyeufunga weu? Si Wamaasai wala mbung'o. Ni kalamu. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya Waingereza ilichora mpaka kuizunguka ardhi ambayo tayari Wakamba walikuwa wakiilima, ikaiita akiba yao. Vilima vya Mua vikapewa walowezi wa kizungu. Weu, ambao machoni pa afisa mgeni ulikuwa pori lisilo na mwenyewe, ukawa ardhi ya Mfalme wa Uingereza. Hapa ndipo hadithi ya Ukambani inapogeuka kinyume cha ile ya Marekani: kule serikali iliwafungulia wahamiaji mlango kwa kuwafukuza wenyeji, huku wahamiaji ndio wenyeji, na mlango ukafungwa usoni pao. Wakachunga Yatta kwa kibali, na kibali kilikuja na masharti.

(Yatta yenyewe ni ajabu ya dunia isiyotangazwa. Ni uwanda mwembamba, umejipinda kando ya Athi kwa kilomita karibu 300, na wote ni lava moja iliyotiririka zamani kwenye bonde la mto. Ardhi laini ya pembeni imeliwa na mvua, lava ikabaki juu. Wanajiolojia huihesabu miongoni mwa lava ndefu kuliko zote duniani. Ukipita Kibwezi, tazama kushoto ukielekea Mombasa.)

Watu waliongezeka, ng'ombe waliongezeka, mpaka haukusogea. Udongo ukaanza kuondoka. Na hapa Marekani inaingia tena, safari hii si kwa mfano bali kwa kweli. Katika miaka ya 1930 dhoruba za vumbi zilizifunika tambarare za Oklahoma na Kansas, zilezile zilizolimwa na wahamiaji wa sheria ya 1862, na habari zake zikawatia hofu maofisa wa kilimo wa makoloni. Mwaka 1937 afisa Colin Maher aliandika ripoti juu ya mmomonyoko wa udongo wa Machakos, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Makueni yote, na picha aliyoichora ilikuwa ya nchi inayokufa. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kuwapunguza ng'ombe kwa nguvu.

Mwaka 1938 ng'ombe walianza kukamatwa na kupigwa mnada kwa bei ya kutupa, na kulikuwa na kiwanda kipya cha nyama cha Liebig pale Athi River kilichokuwa kikiwasubiri. Muindi Mbingu na chama cha Ukamba Members Association wakawaongoza maelfu ya watu, wanaume, wanawake na watoto, hadi Nairobi kudai mifugo yao kwa Gavana. Walikaa kambini kwa wiki kadhaa. Gavana Brooke-Popham hatimaye alikwenda Machakos mwenyewe, Mbingu akakamatwa akahamishiwa Lamu, lakini minada ya lazima ikasimamishwa. Nairobi sasa ina barabara yenye jina lake, inayopita kando ya Soko la City, na sidhani wengi wanaonunua maua pale hujua kwamba aliyepewa jina hilo alipigania ng'ombe.

Je, wajua kwamba ili Makueni ikaliwe, faru karibu elfu moja waliuawa ndani ya miaka miwili na ushei? Baada ya rabsha za 1938 na ukame uliofuata, serikali ilikubali kwamba akiba imefurika, ikaamua kufungua kipande cha ardhi ya Mfalme upande wa Makueni. Kulikuwa na vikwazo viwili. Cha kwanza ni mbung'o, anayeua ng'ombe kwa nagana. Mbung'o huishi kivulini, kwa hiyo vibarua walitumwa kufyeka vichaka ili jua lifike chini. Cha pili kilikuwa ndani ya vichaka hivyohivyo. Kibarua mwenye panga, akifyeka kichaka kisichoonekana upande wa pili, alikuwa akikutana ana kwa ana na faru mweusi, mnyama asiyeona mbali na asiyesubiri kuelezwa.

Idara ya Wanyamapori ikamtuma John Alexander Hunter, Mskoti aliyezaliwa 1887, mwindaji wa kulipwa wa siku nyingi. Kwa hesabu yake mwenyewe, tangu tarehe 29 Agosti 1944 hadi 31 Oktoba 1946 alipiga faru 996. Alifanya kazi na wasaidizi Wakamba waliojua kusoma nyayo, na nyama haikuharibika, kwa kuwa mamia ya watu walikuwa wakifyeka msitu na njaa ilikuwa karibu. Katika kitabu chake cha mwaka 1952 Hunter huyohuyo alijiuliza kama ilifaa kuwamaliza wanyama wa ajabu namna ile ili kupata ekari chache zaidi. Swali zuri, ila lilikuja baada ya risasi. Alijenga hoteli kando ya chemchemi za Kiboko, kwenye barabara ya Mombasa, ikaitwa Hunter's Lodge; alifariki 1963.

Tambarare za Marekani ziliwahi kuwa na nyati wao wa manyoya kwa makumi ya mamilioni. Hesabu ya mwaka 1889 ilipata elfu moja na ushei. Kwa upande wetu, Kenya ilikuwa na faru weusi kama 20,000 mwaka 1970. Majangili waliwashusha hadi chini ya 400 katika miaka ya 1980, na leo, baada ya kazi kubwa, nchi nzima ina kama elfu moja. Yaani bunduki ya mtu mmoja, Makueni peke yake, iliua karibu idadi ileile ya faru weusi wote tulio nao sasa. Makazi maalumu ya faru ya Ngulia, yaliyoanzishwa 1986 ndani ya Tsavo Magharibi, hayako mbali na pale walipopigwa.

Mtu aweza kudhani kwamba baada ya kazi hiyo Wakamba walikimbilia Makueni. Hawakukimbilia. Mpango ule ulikuja na sheria: idadi ya mifugo imewekewa kikomo, matuta lazima, kilimo kwa ratiba ya afisa. Watu walioona ng'ombe wao wakipigwa mnada miaka michache nyuma walijiuliza serikali imepata wapi huruma ya ghafla. Wengi waliamini kwamba wakishaisafisha nchi, mzungu atakuja kuichukua. Mwanzoni ilibidi watu wabembelezwe. Waliokubali kwenda, wengi wao walikuwa maskini wa ardhi kutoka milimani, na baadaye ndio walioonewa wivu.

Je, wajua kwamba maneno mawili ya Kiswahili yaliyoenea kutoka Ukambani sasa yamo katika vitabu vya kilimo vya dunia? Ni fanya juu. Mkulima huchimba mtaro kufuata kontua na udongo huutupa upande wa juu badala ya chini. Mvua ikinyesha, udongo hujikusanya nyuma ya tuta na baada ya misimu kadhaa shamba hujisawazisha lenyewe kuwa ngazi. Kazi ni nzito. Ilifanywa na vikundi vya mwethya, majirani wanaosaidiana kwa zamu, wengi wao wanawake, kwa nyimbo na ugali wa mchana. Ukoloni uliwahi kulazimisha matuta, watu wakayachukia na kuyaacha yabomoke uhuru ulipofika. Kisha, bila kulazimishwa na mtu, wakayarudia wenyewe walipoona mashamba yenye matuta yanavuna na yasiyo nayo hayavuni. Mahindi ya Katumani, yaliyotolewa na kituo cha utafiti karibu na Machakos katika miaka ya 1960, yanayokomaa mapema kabla mvua fupi haijakata, yakafanya hata nchi kavu ionekane yafaa kulimwa.

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuhusu Machakos ya zamani, Makueni ikiwemo. Watu walikuwa wameongezeka kutoka kama 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi milioni 1.4 mwaka 1989, na bado mmomonyoko ulipungua na miti iliongezeka. Ripoti ya Maher ilikuwa imetabiri jangwa. Wapo wanaosema kitabu hicho kimepaka rangi nzuri mno, kwamba waliobaki bila ardhi hawaonekani vizuri ndani yake, na mimi nakubaliana nao nusu. Lakini asiyeamini na apande kilima chochote cha Mbooni atazame chini.

Baada ya 1963 hakukuwa na haja ya kubembeleza mtu. Watu walishuka wenyewe: Kathonzweni, Nguu, Kibwezi, hadi miguuni pa Chyulu. Mtu alichagua mahali, akafyeka, akajenga, akamwita ndugu. Serikali ilikuja nyuma na wapima ardhi. Mwaka 1992 Makueni ikatengwa na Machakos ikawa wilaya, na tangu 2013 ni kaunti yenye makao Wote. Sehemu nyingine mlango ulifungwa kwa njia nyingine. Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa 1948 na kuchukua nyika ambako Wakamba na Waata walikuwa wakiwinda, na kufikia 1957 vikosi vya David Sheldrick, msimamizi wa Tsavo Mashariki, vilikuwa vimewakamata wawindaji wengi wa mishale ya sumu, kosa ambalo babu zao wangeliita riziki. Vilima vya Chyulu vikawa hifadhi mwaka 1983, na waliokuwa wamelima huko wakaondolewa miaka iliyofuata.

Je, wajua jinsi mchanga unavyotunza maji? Mito mingi ya Kitui, kama Tiva na Thua, hutiririka wiki chache tu kwa mwaka. Ukijenga ukuta wa zege kukatiza mto kama huo, mafuriko hujaza mchanga nyuma yake badala ya maji, na kwenye mianya ya mchanga maji hubaki miezi mingi. Jua halikaushi, mbu hazai, ng'ombe hachafui. Mama huchimba kidogo tu na kuchota. Shirika la SASOL la Kitui limesaidia vijiji kujenga mamia ya mabwawa haya tangu miaka ya 1990, na wageni huja kutoka mbali kuyatazama. Bwawa kubwa zaidi, la maji ya wazi, lilianza kujengwa 2018 pale Thwake inapokutana na Athi, mpakani mwa kaunti hizi mbili, likikusudiwa kubeba mita za ujazo milioni 688.

Je, wajua kwamba upande wa Kitui kazi haijaisha? Sensa ya 2019 ilipata watu 987,653 Makueni, kwenye kilomita za mraba kama 8,000. Kitui walikuwa 1,136,187, lakini kaunti yao ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, ukubwa unaokaribia mara nne. Ukitoka Kitui mjini kwenda mashariki, kupita Zombe, Endau au Mutha, nyumba huachana, mibuyu huzidi, na mahindi huwapisha mtama na mbuzi. Huko ndiko weu ulikobaki. Chini ya bonde la Mui kuna makaa ya mawe, mamia ya mamilioni ya tani. Mkataba na kampuni ya Kichina ulitiwa saini mwaka 2013, na watu wa huko wamekaa tangu wakati huo bila kujua kama wapande miembe au wangoje fidia.

Kusini zaidi, Hifadhi ya Kitui Kusini imepakana na Tsavo Mashariki, na kwenye ukingo wake mkulima aliyetoka Mutomo au Ikutha anazungushia shamba lake uzio wa matawi ya miiba kuzuia tembo. Kutoka Tana na Garissa wanakuja wafugaji Wasomali na ngamia wao kila ukame unapozidi, nao pia wana hoja: baba zao walilisha hapo. Wamegombana, watu wamekufa, mikutano ya amani imefanyika chini ya miti na kwenye kumbi za hoteli. Mzee wa Kikamba hutaja mti uliochanjwa na babu yake, na mzee wa Kisomali hutaja kisima kilichochimbwa na wa kwake. Afisa wa ardhi, akifika, huja na mashine ya setilaiti.